Bomba Lenye Cheti

Mama Utando hakuzaliwa na jina hilo, na angeulizwa asingelichagua. Alibandikwa na wenzake wa maabara ya hospitali miaka ishirini na tatu iliyopita, siku alipoingiza kijiti chenye pamba ndani ya mdomo wa bomba la chumba cha chai, akakichomoa kimejaa ute wa kahawia, kisha akaupitisha mbele ya pua za watu walioshika vikombe. "Huu ni utando," aliwaambia kwa furaha isiyo na haya. "Humu bakteria wamejenga, wamehamia na wameshazaa." Chai ikamwagwa, urafiki mmoja ukavunjika moja kwa moja, na jina likabaki. Wengine pale hospitali waliitwa Mzee Busara na Dada Tabasamu. Yeye akaambulia ute wa bombani, na baada ya mwaka mmoja akawa anauitikia bila kinyongo.

Chumba chake cha kazi kilikuwa mwisho wa korido, kati ya stoo ya magodoro mabovu na mlango ulioandikwa USIINGIE ambao kila mtu aliingia. Kilinuka supu iliyolala, maana bakteria hulishwa supu. Kulikuwa na kabati la joto lililofungwa kwa kamba ya kiatu tangu kitasa kivunjike, rundo la sahani za plastiki zenye vifuniko, na mirija ya kioo aliyoiosha mwenyewe kwa kuwa hakumwamini mtu. Ukiingia humo kuomba majibu ya mkojo, ungetoka na somo.

"Bakteria anayeelea peke yake majini ni mnyonge," angekuambia, utake usitake. "Dawa kidogo tu, kwisha habari yake. Lakini akishapata ukuta wa kushika, na jirani wa kushikana naye, wakajifunika ute wao kama blanketi, hao huwawezi. Utamwaga dawa, wa juu watakufa, wa chini watakaa kimya wakusubiri uende zako."

Watu waliitikia "ehe, ehe" na kunyoosha mkono wapewe karatasi yao.

Sasa, hospitali ile ilikuwa na utaratibu wa kupima maji, na utaratibu huo ulitungwa na Daktari Mkuu mwenyewe. Ulikuwa na hatua kumi na saba. Hatua ya kwanza ilikuwa barua: wadi ijulishwe siku moja kabla kwamba bomba lake litapimwa. Hatua ya pili, bomba lipanguswe kwa spiriti ndani na nje, hadi ling'ae. Hatua ya tatu, lifunguliwe likimbie dakika tano. Baada ya hapo ndipo chupa ikingwe. Hatua kumi na nne zilizobaki zilihusu namna ya kuandika lebo. Ni sawa na kumtumia mwizi barua kwamba polisi watapita kesho saa nne, kisha kushangaa mbona mtaa una watu waaminifu hivi. Maji yalitoka safi kila mara. Cheti kikachapwa, kikatiwa fremu, kikatundikwa juu ya sinki la wadi ya watoto wachanga, na chini yake saini ya mpimaji, Mama Utando.

Mwaka wa kwanza alikataa. Alimwendea Daktari Mkuu, akamwambia kwamba utando haumo majini, umo ndani ya bomba, na hutoka mapande mapande siku unayotaka wenyewe. Daktari Mkuu alimsikiliza kwa upole, akamwambia, "Mama, sisi tunapima maji. Hatupimi bomba." Mama Utando akacheka, akasaini. Mwaka wa tatu alisaini bila kucheka. Mwaka wa tano alisaini huku akiuliza leo kuna nini kantini. Vilifika vyeti kumi na kimoja, na cha karibuni kilikuwa na mihuri miwili. Mwanamke aliyewamwagisha watu chai kwa ajili ya ute alikuwa amejifunza kuishi na wenyeji. Nyani haoni kundule.

Ndipo binti yake wa mwisho akajifungua kabla ya siku zake, wiki ya thelathini na mbili. Mtoto alikuwa wa kike, kilo moja na nusu, mwekundu na mwenye hasira, na familia nzima ikaanza kumwita Bibie kwa sababu alionekana kama mtu anayetaka kumwona msimamizi. Aliwekwa katika wadi ya watoto wachanga, kitanda cha nne kutoka sinki, pamoja na wenzake kumi na wawili.

Siku ya tatu, mtoto wa kitanda cha kwanza alipandisha homa. Siku ya nne, wa kitanda cha pili. Damu zao zilishuka maabara, na Mama Utando akaziotesha. Mtoto wa kwanza alitoa bakteria weupe. Wa pili alitoa bakteria wa rangi ya waridi, aina nyingine kabisa. Aliwawekea vidonge vidogo vya dawa kwenye sahani, dawa ile ambayo wadi huanza nayo kwa kila mtoto. Weupe wakaota hadi ukingoni mwa kidonge. Wa waridi nao wakaota hadi pale pale. Alikaa kwenye kiti, akaiangalia ile sahani.

Hakungoja barua wala spiriti. Alipanda wadini na kijiti chake, akakisukuma juu ndani ya bomba linalong'aa, akakizungusha, akakitoa. Ute ulikuwa umeganda kwenye pamba. Asubuhi ya pili sahani ilikuwa na weupe na wa waridi pamoja, wakichanganyika kama watu wa mtaa mmoja.

"Sista," alimwambia muuguzi mkuu wa wadi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha hata anaposalimia, "hili bomba msilitumie tena. Chemsheni maji."

"Mama, nipe maandishi."

"Maandishi ya nini? Watoto wana homa."

"Mama yangu, mimi nakuamini, lakini bomba lina cheti." Sista alinyoosha kidole juu ya sinki. "Halafu angalia saini hiyo pale. Si yako?"

Ilikuwa yake. Tena ilikuwa saini nzuri, yenye mkia.

Alimwendea Daktari Mkuu. Huyu alikuwa mtu wa suti na semina, asiyekosa neno wala kalamu. Alizitazama sahani mbili za damu za watoto, ile ya bomba akaisukuma kando kwa kuwa haikufuata utaratibu, akatabasamu kama mwalimu aliyemkamata mwanafunzi. "Mama, wewe ni mtaalamu. Mtoto wa kwanza ana bakteria huyu, wa pili ana yule. Aina mbili tofauti. Chanzo kimoja kinawezaje kuleta wagonjwa wa aina mbili? Hiyo ni bahati mbaya tu."

"Lakini wote wameikataa dawa ile ile, Daktari."

"Bahati mbaya mbili," alisema Daktari Mkuu. "Ila tusipuuze. Kamati inakaa Alhamisi. Lete ushahidi wa kisayansi."

Mama Utando alitoka pale akiwa na hasira ya kuweza kuchemsha maji bila jiko. Jioni hiyo alianza kubeba chupa ya chai yenye maji yaliyochemshwa, akamwonya binti yake asinawe penginepo, na akamsimamia kila muuguzi aliyemgusa Bibie. Kwa siku mbili alijiona mjanja. Siku ya pili alimwona mama wa kitanda cha tano, msichana mwembamba aliyevaa kanga ya kuazima, akinawa mikono sinkini kwa uangalifu, akisugua hadi viwiko kama alivyofundishwa, kisha akamwinamia mwanawe. Juu ya kichwa chake kilikuwa cheti. Mama Utando aliishika chupa yake ya chai na akaona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe.

Ushahidi alijua pa kuupata. Kwenye jokofu lake aliishi bakteria mmoja wa waridi aliyekuwa naye miaka mingi, asiyedhuru mtu, ambaye alimpa jina la Mpole. Mpole alikuwa mwanafunzi mzuri. Ukimweka kwenye mrija wa supu alielea. Ukiumwaga na kusuuza, kioo kilibaki kitupu. Hakushika ukuta, hakushika jirani, na dawa ya wadi ilimuua siku hiyo hiyo. Mama Utando alimchukua Mpole, akamtia katika mrija mmoja na wale weupe wa bombani, akawaacha walale pamoja siku moja tu. Kisha akawamwaga juu ya sahani yenye dawa ya wadi.

Asubuhi alikuta matone ya waridi juu ya sahani ile, katikati ya yale meupe. Mpole alikuwa hai. Alimchukua peke yake, akampeleka kwenye mrija mpya, akamwaga supu, akasuuza, akatia rangi ya zambarau, akasuuza tena. Ukutani mwa kioo kukabaki mkanda mnene wa zambarau ambao maji hayakuutoa. Mpole alikuwa ameshika ukuta, na sasa alikuwa hatoki.

Alimwita msaidizi wake aje aone. Huyu alikuwa fundi wa maabara mwenye diploma na ndevu, aliyeajiriwa miaka minne nyuma, lakini bado walimwita Mgeni, kwa sababu pale hospitali mtu haachi kuwa mgeni mpaka aje mwingine.

"Amejifunzaje?" Mgeni aliuliza.

"Hakujifunza. Kapewa." Mama Utando alimchorea nyuma ya fomu. "Hawa weupe wana kipete kidogo ndani yao, plasmidi. Kipete hicho si mali ya ukoo. Kinahama mwili hadi mwili. Kinabeba maagizo mawili matatu: namna ya kuikataa dawa, na namna ya kuota vinyweleo, kwa Kilatini wanaviita 'pili'. Mwenye kipete anamrushia jirani kinyweleo, anamvuta karibu, anampa nakala ya kipete. Jirani naye anaota vinyweleo vyake. Na vinyweleo hivyo hivyo ndivyo vinavyomshikisha kwa wenzake na kwa ukuta. Wakishikana, utando unanenepa. Utando ukinenepa, wanakaa karibu zaidi, vipete vinahama zaidi. Umeona? Ndiyo maana aina mbili zimekuwa na ujuzi mmoja. Wamepeana humo bombani."

Mgeni alikuna ndevu. "Kumbe Mpole alikuwa mtu mzuri tu, shida ni aliowekwa nao."

Mama Utando alitaka kucheka, akaacha. Alikumbuka wiki ya kwanza ya Mgeni kazini, viatu vimepigwa rangi, kalamu tatu mfukoni, alipouliza: "Samahani Mama, kwa nini tunafuta bomba kwa spiriti kabla ya kulipima?" Na alikumbuka nani aliyemshika bega, akamvuta karibu, akamjibu kwa upendo: "Mwanangu, hapa ndivyo tunavyofanya." Tangu siku ile Mgeni hakuuliza tena. Alisaini kila kilichopita mbele yake, na alisaini haraka.

Alhamisi kamati ilikaa katika chumba chenye meza ndefu, na ukutani bango la UMOJA NI NGUVU. Walikuwa tisa, na hakuna aliyekumbuka kamati ilianza lini au hutoka vipi mtu akishaingia. Mama Utando alipanga mirija yake miwili mezani, mmoja mtupu wa Mpole wa awali, mmoja wa Mpole wa sasa wenye mkanda wa zambarau, akaeleza kila kitu.

Mwenyekiti, aliyekuwa mkuu wa usafirishaji, alitikisa kichwa kwa makini. "Kwa hiyo huyu Mpole, kosa lake hasa ni lipi?"

"Hana kosa, Mwenyekiti. Bomba ndilo lenye kosa."

"Bomba lilipewa taarifa ya kupimwa?" aliuliza mjumbe wa pili.

"Nililipima bila taarifa. Ndiyo maana nikapata kitu."

Minong'ono ikapita mezani. Mjumbe wa tatu alisema hilo lilikuwa kinyume cha hatua ya kwanza. Wa nne akaunga mkono. Wa tano hakusikia hoja lakini akamuunga mkono wa nne. Daktari Mkuu akafunga mjadala: iundwe kamati ndogo, barua iende wadini Jumatatu, bomba lipanguswe na kupimwa upya kwa kufuata utaratibu. Wote tisa wakainua mikono kwa pamoja. Siku hiyo hiyo mtoto wa kitanda cha tatu alikuwa amepandisha homa. Kitanda cha nne kilikuwa cha Bibie.

Mama Utando alikwenda moja kwa moja karakana.

"Kaka," alimwambia Fundi Bomba, mzee wa penseli sikioni na spana mfukoni, "nataka unifungulie bomba la wadi ya watoto. Halafu unipasulie katikati. Kwa urefu."

"Nani kaidhinisha?"

"Mimi."

Fundi Bomba alimwangalia. "Wajukuu wangu wawili walilala wadi ile," alisema, "mmoja mwaka juzi, mmoja mwaka jana." Akachukua msumeno wa chuma.

Lilipofunguka, hata yeye aliyezoea mifereji alirudi nyuma. Nje bomba lilikuwa linang'aa kiasi cha kujitazamia. Ndani lilikuwa limejaa ute mweusi wenye kahawia, mnene kama kidole, unaotikisika. Mama Utando aliweka vipande viwili juu ya sinia, akapanda navyo wadini, akavipitisha mbele ya Sista, mbele ya wauguzi, mbele ya mama mmoja mmoja. Hakutoa somo. Msichana wa kitanda cha tano aliangalia, akaiangalia mikono yake, akaanza kulia. Ile sauti ya kuamrisha ya Sista ikapaa: "Ndoo ya mfuniko! Sufuria kubwa! Jiko liwashwe sasa hivi!" Hakuomba maandishi. Zaidi ya hapo, alikitungua kile cheti kwa mkono wake, na nyuma ya fremu, pale ilipogusa ukuta wenye unyevu, ulikuwapo utando.

Kwa wiki mbili wadi ilinawa maji yaliyochemshwa, kutoka ndoo iliyosuguliwa kila asubuhi na kukaushwa juani. Homa mpya haikuja. Wale watatu walibadilishiwa dawa. Wawili wakapona upesi, wa kitanda cha tatu akakaa na dripu siku kumi na tisa, na Mama Utando alimpitia kila siku kabla ya kumpitia Bibie. Bibie alifika kilo mbili na kuruhusiwa kwenda nyumbani akiwa bado na hasira.

Bibi yake aliitwa kwenye kamati kujibu shitaka la kuharibu mali ya hospitali, bomba moja.

Kikao kilikuwa kifupi, kwa kuwa uamuzi ulishachapwa. Mwenyekiti aliuliza swali moja tu, kwa ajili ya kumbukumbu. "Kama bomba lilikuwa baya hivyo, ni nani aliyelithibitisha miaka yote hiyo?"

"Mimi," alisema Mama Utando. "Mara kumi na moja. Andikeni hivyo hivyo, msipunguze."

Hawakulitarajia jibu hilo, na hapakuwa na hatua yake katika utaratibu. Mwenyekiti alikohoa, akamsukumia muhtasari wa kikao ausaini. Kurasa tisa. Kalamu ikawekwa juu yake, tayari imefunguliwa.

Mama Utando alivaa miwani, akaanza kusoma. Alisoma ukurasa wa kwanza. Akageuza. Mjumbe mmoja alitazama saa. Akasoma wa pili, na wa tatu, kidole chake kikifuata mstari kwa mstari. Chai ikapoa. Daktari Mkuu alimwambia kwa upole, "Mama, ni yale yale tu ya kawaida." Mama Utando akageuza ukurasa. Ukurasa wa saba, kipengele cha sita, kidole kikasimama.

"Hapa mmeandika: 'Bomba husika lisafishwe kwa spiriti na lirudishwe mahali pake.'"

"Ndiyo," alisema Mwenyekiti. "Ni bomba lenye cheti."

Mama Utando alifungua mkoba wake. Akatoa kipande kimoja cha bomba, akakiweka mezani, tumbo juu. Akatoa cha pili, akakilaza kando yake. Ute ulikuwa umekauka, lakini harufu ilikuwa bado na afya njema, na wajumbe wa karibu wakasogeza viti.

"Niliomba lipasuliwe kwa urefu," alisema. "Nawajua wenzangu. Miaka kumi na moja nilikuwa mmoja wenu." Akaifunga kalamu, akairudisha katikati ya meza. "Huu sisaini."

Mwenyekiti aliusogeza muhtasari haraka kwa anayefuata. Alikuwa Mgeni, aliyeletwa kama shahidi wa maabara, mtu wa saini za haraka. Mgeni alichukua kalamu, akaifungua, akaishusha karibu na mstari. Akamtazama Mama Utando. Kisha akaiweka chini, akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma.